Mtu wa Pembeni

Saa nane mchana, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Feni nimeizima.
Semboja, mwanafunzi wangu, analalamika kwa macho tu,
shati limemganda mgongoni kama stempu.
Mlango nimeufunga, tambara nimelisokomeza chini yake,
na bado yule mtu wa pembeni
anatoka na vivuli viwili.

Picha kaileta Bi Mwanakheri Hiza
ndani ya bahasha ya hospitali:
wafanyakazi ishirini na mmoja wa kiwanda cha mkonge,
mwaka wa sabini na nne,
safu tatu za saba saba, wa mbele wamechuchumaa.
Wa mwisho, kulia kabisa, bega moja limekatwa.
"Huyo ndiye baba. Sina nyingine."
Anaitaka kubwa, upana wa meza,
kabla ya hitima ya Ijumaa.

Mara ya kwanza wenzake ishirini wako wazi,
vifungo vya mashati vinahesabika.
Baba ana ukungu.
Nikasafisha kichwa cha mashine. Ukungu.
Nikabadilisha wino, ule wa Dar, wa bei ya mbuzi.
Ukungu.
Bi Mwanakheri akaitazama ile ya tatu, akaikunja polepole.
"Hata karani wa mishahara alikuwa akimruka."

Usiku sikulala, nikaliwaza tone.
Lina safari fupi, tone la wino:
kutoka kichwani hadi karatasini
haifiki unene wa sarafu mbili.
Halina bawa, halina usukani,
limetupwa, basi.
Bendera hufuata upepo, twasema, tukiwacheka watu,
na tone je, dogo kuliko vumbi la unga,
litabishana na nani?
Lakini feni nimeizima.
Upepo gani?

Alfajiri nikapiga magoti, tochi mdomoni.
Chini ya karatasi kuna bamba la matundu,
chini ya matundu kuna kifeni kinachonyonya
ili karatasi ilale, isiinue kichwa.
Miaka sita nakisikia kikivuma
nami nakiita ukimya.

Nikawasha kijiti cha udi, masalio ya harusi ya wifi yangu.
Katikati ya karatasi moshi ukapanda wima, mtulivu.
Nikausogeza ukingoni:
ukainama,
ukakimbilia pale karatasi inapoishia,
ukazama matunduni kama maji ya karo.
Kumbe ni hapo.
Ni hapo alipokuwa akivutwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta;
mimi nilikwishajenga tatu, zote za pesa.
Nikachana boksi la sabuni, vipande vyembamba,
nikayafunika matundu yasiyolaliwa na karatasi,
na kifeni nikakipunguza pumzi:
kishike, kisikabe.
"Boksi, dada? Kwenye mashine ya milioni kumi na nane?"
"Boksi, Semboja."

Kichwa kikaenda, kikarudi.
Kikaenda, kikarudi.
Zikatoka kofia, yakatoka mapaji,
nasi hatuwatazami hao,
tumekodolea ukingo.
Kofia ya kiua. Jicho. Jicho la pili.
Kovu shavuni. Sikio.
Ukosi uliofumuka nyuzi, kila uzi na njia yake.

Bi Mwanakheri hakukaa kwenye kiti nilichompa.
Alisimama kulia, upande ule ule,
bega lake nje ya meza.
"Anacheka," akasema.
"Miaka yote nilidhani ni jua linamchoma macho."
Kisha akafungua pochi,
akadai punguzo kwa zile tatu zilizoharibika,
nikampa.

"Sasa niwashe feni?" Semboja kauliza,
mkono tayari uko kwenye swichi.
Jasho linanitiririka hadi kwenye kope.
Ngoja, nikamwambia.
Bado hajakauka.